Ithibati ya Mikono ya Tulalumba

Mkaguzi akifika chuoni, hata kuku hutembea kwa adabu. Siku Desderia Ngonyani aliposhuka kwenye chombo cha Baraza la Ithibati pale Lugema, kwenye nyanda za juu ambako baridi hupasua midomo, wanafunzi wa Chuo cha Ukunga walikuwa wamefagia ua mpaka ardhi ikaona haya. Wote walijipanga mstari. Asiyejipanga alikuwa mmoja tu, mkuu wa chuo, Mwalimu Lukelo Kihwele. Yeye alisimama mlangoni mikono mfukoni, akalisoma jina kwenye beji ya mgeni, uso ukamchanua.

"Ngonyani! Yaani Baraza limekosa watu, limeniletea Mngoni? Umekuja kukagua, au unatafuta ile ngao babu yako aliyoitupa akikimbia?"

"Ile alimwachia babu yako ajifunike, maana alikuwa anatetemeka," alijibu Desderia bila kupepesa. "Nipishe, Mhehe. Na chai iwe ya maziwa."

Wanafunzi waligeuza nyuso wacheke pembeni. Wangoni na Wahehe walipigana enzi za mababu, kila upande unaapa ndio ulioshinda, na baada ya vita kwisha wakabaki watani. Hutukanana bila kununiana. Na mmoja wao akifa, mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuvaa nguo za marehemu na kumwigiza mbele ya wafiwa, mpaka waliokuwa wanalia wajikute wanacheka.

Desderia aliianza kazi papo hapo. Alipita kwa kila mwanafunzi, akamwekea kipima nyuma ya sikio, mahali ilipopandwa mbegu. Kwa macho ilikuwa kitu kidogo tu, sawa na punje ya ulezi. Lakini ndani yake mlikuwa na ujuzi wa mkunga mzima, na msichana ambaye hajawahi kushika hata mtoto wa jirani, baada ya wiki moja ya kupandwa, mikono yake ilijua kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya. Ujuzi huo uliwahi kuwa wa mtu. Mtu huyo alikalishwa kwenye kiti cha kunakilia, akafanya kazi yake huku mashine ikimsoma, mpaka ikauelewa mkono wake kuliko yeye mwenyewe. Aliitwa chanzo. Na kazi ya wakaguzi ilikuwa kuhakikisha kwamba mbegu inayopandwa chuoni ndiyo ile ile ambayo chanzo chake kilipimwa na Baraza, si nyingine iliyoletwa kwa mlango wa nyuma.

Kazi hiyo Desderia aliipenda, na alikuwa na sababu. Alikuwa mkaguzi kijana wakati chuo kimoja kule Msanga Mweupe kilipopanda mbegu mbovu. Wanawake kumi na tisa walizikwa, na ripoti aliiandika yeye. Tangu hapo sheria ikawa kali: chuo kikikutwa hakina ithibati halali, mbegu zake zote huzimwa siku hiyo hiyo, popote zilipo, hata kama mwenye nazo amesimama wodini.

Kipima kilitoa taa ya kijani kwa kila sikio. Kilichobaki ni kuona kazi yenyewe.

*

Wodini alikuwapo mama mmoja katikati ya uchungu, amekunja uso, meno yamebana shuka. Mkunga wa zamu alikuwa mhitimu wa chuo, binti aliyeitwa Nakiete Mbwambo, mtu wa Upareni, mpole hata ukimkanyaga yeye ndiye huomba radhi. Desderia alijibanza kwenye kona.

"Jina la ukoo, mama?" aliuliza Nakiete.

"Luambano," alisema yule mama kwa taabu.

Binti akabadilika. Mabega yalishuka, shingo ikasimama, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito na yenye kicheko ndani yake.

"Aa, Mngoni! Ndiyo maana kelele zimeanza kabla ya vita. Haya, leo hakuna pa kukimbilia, milango nimeifunga."

Mama Luambano akafumbua macho. "Mhehe gani wewe!" alisema, akaguna, akacheka, na kicheko kile kikaufungua mwili wake wote. "Nikishamaliza hapa, utanitambua!"

"Sukuma kwanza, matusi baadaye."

Mtoto alitoka akilia, na Nakiete akampokea kwa tusi la kwanza la maisha yake: "Karibu, mwoga mdogo." Desderia alijikuta anacheka mpaka machozi yanamlenga. Kisha akaacha kucheka.

Alingoja mama na mtoto wafunikwe vizuri, akamvuta Nakiete pembeni.

"Mwanangu, Wapare na Wangoni wamekuwa watani tangu lini?"

"Sijui, mama." Sauti ilikuwa imerudi kuwa yake. "Inanitoka tu. Nikisikia jina la Kingoni, mkono unapata joto na mdomo unafunguka. Siku moja niliona aibu nikajizuia, mikono ikawa mizito kama ya mtu mwingine. Wenzangu wote ndivyo walivyo. Tulidhani mbegu zote zina hiyo."

Mbegu za Hazina, ghala ambako vyuo vyote vilipaswa kuchukua ujuzi, zilichujwa. Hazikuwa na kabila wala mzaha, hata kikohozi cha chanzo kilitolewa. Basi ndani ya kichwa cha binti huyu mpole alikaa Mhehe mmoja ambaye Baraza halikumjua. Asubuhi ile Desderia alikuwa amefurahi kuliko siku nyingi, na sasa ilimbidi akamtafute mtani wake.

*

Lukelo alikuwa ameandaa chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha, na tusi jipya ulimini. Desderia hakukaa.

"Mwalimu Kihwele," alisema.

Lukelo aliiweka birika chini taratibu. Mtani akikuita kwa cheo, ujue mambo yameharibika.

"Ni nani huyo aliye ndani ya wale mabinti?"

"Mke wangu," alijibu. Hakujaribu hata kuzungukazunguka. "Tulalumba."

Alimpeleka chumba cha nyuma, kwenye kiti cha zamani cha kunakilia. Mgongoni mwake palitundikwa kitenge cha kijani kilichopauka. Lukelo alisimulia akikitazama kile kitenge. Chuo kilipata ithibati kihalali, kwa mbegu ya Hazina. Mbegu ile haikuwa mbaya, ilizalisha vizuri, ila ilikuwa bubu. Wanawake wa vilimani waliingia wodini mara moja tu, wakaenda kusimulia kwamba kule kuna mikono inayozalisha kama inachambua maharage. Wakarudi kuzalia jikoni na shambani. Tulalumba, aliyekuwa mkunga tangu ujana wake, alikaa kwenye kiti kile akanakiliwa, kisha akaomba Baraza limpime. Akajibiwa aende makao makuu yeye mwenyewe. Wakati huo ugonjwa ulikuwa umemlaza, hawezi hata kwenda uani bila kushikwa. Aliomba tena, jibu likawa lile lile. Akafa.

"Nikapanda mbegu yake chini ya alama ya Hazina," alisema Lukelo. "Wodi ikajaa. Wahitimu thelathini na mmoja, vijiji vyote hivi. Nikipita kijijini nasikia mtu anatukanwa kwa sauti yake. Msibani watani walikuja wakataka kumcheza, nikawafukuza. Niliwaambia mke wangu hajafa."

"Hao mabinti uliwaambia wamebeba marehemu?"

Lukelo alitikisa kichwa kukataa. Desderia alimhurumia na alimkasirikia kwa pamoja, na hakujua lipi limezidi.

*

Sheria ilimpa mpaka jua litue. Angeweza kuzima mbegu palepale. Badala yake aliomba mwanasesere wa mazoezi, yule anayepumua, kulia na kutoka damu, akamwita Nakiete, akamweleza kila kitu. Binti alishika nyuma ya sikio lake.

"Kwa hiyo natembea na mtu?"

"Na ujuzi wa mtu. Nataka kumpima leo, kwa kuwa tulikataa kumpima akiwa hai. Ukikataa, nakuelewa."

Nakiete alifikiri. "Hajawahi kunifanyia ubaya," alisema mwishowe. "Mpime."

Wakapima mchana kutwa. Mtoto aliyetanguliza miguu, mapacha, kitovu kilichozunguka shingo, mama mwenye kifafa cha mimba. Desderia alikuwa ameona mikono mingi kazini, na hakuwahi kuona iliyo bora kuliko hii. Akaanza kuwa na matumaini. Likabaki jaribio la damu kuvuja baada ya kuzaa.

Nakiete alikanda tumbo, akachoma sindano, akakanda tena. Damu haikukoma. Ukutani, karibu na bega lake, kilikuwapo kitufe chekundu cha kuita ndege ya uokozi. Hakukigusa. Alikanda mpaka mwanasesere akaacha kupumua na taa yake ikazimika.

"Hukukiona kitufe?"

"Nilikiona, mama!" Nakiete alikuwa analia. "Nauambia mkono uende, hauendi. Unataka kumaliza wenyewe."

Wakarudia, ikawa vile vile. Lukelo alikuwa amekaa kwenye benchi, uso umempauka. "Tulipokuwa vijana, mvua ikinyesha barabara hukatika," alisema. "Hapakuwa na ndege. Hakujifunza kuita kwa sababu wakati wake hapakuwa na wa kuitika."

Basi hapo palikuwa na shimo, na shimo lile lilikuwa limepandwa kwenye vichwa thelathini na kimoja. Huko vijijini bado halijamla mtu, lakini shimo lina subira. Sheria iliyotungwa kwa machozi ya Msanga Mweupe haikuwa ya kijinga. Na upande wa pili, akizima, jioni ile ile kuna wanawake watakaobaki na mkunga ambaye mikono yake imesahau kila kitu, na wengine watarudi kuzalia jikoni.

Aliomba jaribio la tatu. Hakuwa na mpango, alikuwa na hasira tu. Damu ilipoanza kutoka na mikono ya Nakiete ikaanza ukaidi wake, Desderia alisahau beji yake, akapiga kelele kama aliyeko kilabuni kwao Songea.

"We Mhehe! Mkaidi mkubwa we! Nani alikwambia kuomba msaada ni kushindwa? Vita vimekwisha, ita watu!"

Mikono ikasimama. Kutoka kinywani mwa Nakiete kikatoka kicheko kifupi, kizito, cha mwanamke mtu mzima aliyepatikana. Mkono wa kulia ukanyanyuka, ukabonyeza.

Lukelo alijifunika uso kwa viganja. "Huyo ndiye," alisema. "Huyo ndiye hasa. Hakuwahi kumsikiliza mtu, si mimi wala daktari. Mtani tu."

*

Mkaguzi Mkuu, Mzee Rutashobya, alisikiliza kwenye simu bila kumkatiza. Alikuwa mtu wa haki, na watu wa haki ndio wagumu zaidi kushawishi.

"Desderia, zima. Tuliwazika wale wanawake pamoja, mimi na wewe."

"Sijasahau, mzee. Ndiyo maana nimeandika yote, na shimo nimeliandika. Sifichi kitu. Lakini kuna ithibati ya muda, kwa mbegu yenye kasoro inayojulikana."

"Mradi kuna chanzo hai, kinachoweza kuirekebisha na kuhojiwa. Chanzo chako kimezikwa."

"Mbegu itakuwa na vyanzo viwili. Cha pili ni mimi."

"Wewe hujui hata kumfunga mtoto nepi."

"Sijui. Najua kumtukana Mhehe."

Rutashobya hakucheka. Alimkumbusha, kwa sauti ya upole iliyomuuma kuliko ukali, kwamba mkaguzi hawi chanzo. Akikaa kwenye kile kiti beji anaivua, na beji ikivuliwa hivyo hairudi. Mtu mwingine atakuja kupima, naye anaweza kuzima kila kitu.

"Na mkono ule utatii mbele ya damu ya mtu kweli? Unaweza kuniapia?"

"Siwezi. Ndiyo maana nataka uje wewe. Na mpaka uje, hakuna mkunga wa hapa atakayefanya kazi bila mtu wa pili kando ya kitufe."

Alipokata simu aliitazama beji yake. Kazi ile ndiyo iliyomlea, ndiyo iliyomfanya aheshimiwe hata na ndugu zake wasioheshimu mtu. Alilia kidogo, akapangusa pua, akaivua beji akamkabidhi Lukelo.

"Ishike. Usiiuze, Mhehe."

"Nani atainunua, ina jina la Kingoni."

Kisha akakaa kwenye kiti, mgongo kwenye kitenge cha kijani, mashine ikawashwa, naye akaanza kumtukana mwanamke ambaye hawakuwahi kuonana. Alimtukana kwa damu, kwa kifafa, kwa kondo la nyuma lililogoma, kwa kila mahali ambapo mtu mkaidi hupaswa kuita. Alimtukana mpaka sauti ikakauka, na mwishoni matusi yalikuwa na mapenzi tele ndani yake.

Wahitimu wote waliitwa wakaambiwa ukweli, kila mmoja akaulizwa; waliokubali waliongezewa nakala ya Desderia kwenye mbegu zao. Wawili walisema hawawezi kuishi na marehemu kichwani, mbegu zao zikazimwa kwa heshima, wakaanza kusoma upya kwa mbegu ya Hazina. Mmoja wa hao wawili alikuwa mpwa wa Tulalumba mwenyewe. Lukelo hakumlaumu.

*

Rutashobya alikuja mwezi uliofuata, mrefu, mkavu, na mwavuli wake. Alipima kwa mwanasesere siku mbili. Siku ya tatu akataka kukaa wodini. Mama aliyekuwapo alikuwa mke wa seremala wa pale mjini, uzazi wake wa nne. Mtoto alikuja salama. Halafu shuka likaanza kulowa.

Nakiete alikanda. Akachoma sindano, akakanda tena. Desderia, ambaye sasa hakuwa na cheo chochote wodini, alisimama kando ya kitufe, kidole tayari, kama walivyokubaliana. Mlangoni alikuwa Lukelo. Damu haikukoma. Mikono ya Nakiete iliendelea kukanda, ikazidi, na Desderia akauona ule ukaidi umerudi. Rutashobya alikuwa amekwisha kunyanyuka kitini. Desderia akapeleka kidole.

Lakini Nakiete alifungua mdomo, na sauti ya Songea, iliyokauka kwa matusi, ikatoka humo.

"We Mhehe! Vita vimekwisha, ita watu!"

Na papo hapo, kutoka kinywa kile kile, ikajibu sauti nzito yenye kicheko: "Sipigiwi kelele na mtu aliyetupa ngao." Mkono wa binti wa Kipare ukapanda ukutani, ukakisukuma kando kidole cha Desderia, ukabonyeza kitufe wenyewe.

Ndege ilishuka uani ikawatawanya kuku. Mama alichukuliwa, na kabla ya saa ya chakula taarifa ikaja kutoka hospitali kuu kwamba damu imekoma na ameomba uji. Rutashobya aliketi, akaandika kwa muda mrefu, akatia muhuri: ithibati ya muda, mwaka mmoja, chini ya uangalizi. Akamtazama Desderia.

"Nilitaka iwe rahisi zaidi kwako," alisema.

"Najua, mzee."

Lukelo hakuwapo tena mlangoni. Desderia alimkuta chumba cha nyuma. Alikuwa amekitoa kile kitenge kwenye kiti, amekikunja vizuri, amekiweka mapajani.

"Umemsikia?" aliuliza Lukelo. "Ameita."

"Nimemsikia."

"Angeita hivyo zamani, pengine angetibiwa mapema." Kisha akamnyooshea kile kitenge. "Mtani, mke wangu amekufa. Watani hawajamcheza. Alikuwa akitembea hivi, kiuno kimesukumwa mbele, kama anadai deni."

Desderia alikipokea. Alijifunga kiunoni, akashusha mabega, akasimamisha shingo, akatoka uani kwa mwendo ule akiwafokea wanafunzi na kuku kwa pamoja, akiulizia nani amemwachia Mhehe huyu nyumba, mbona hata viazi hajui kuchemsha. Wanafunzi walipigwa na butwaa. Mtu wa kwanza kucheka alikuwa Lukelo. Alicheka ameshika mlango, akacheka mpaka akakaa kizingitini, ndipo kilio alichokizuia siku zote zile kikatoka. Nakiete akamfuata akamshika, kwa mikono yake miwili.